Makombo ni mahindi, si dagaa

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika safu yako ya barua tuseme na wafugaji wa kuku wa nyama, hasa wenye mabanda ya kuku 50 hadi 200 nyuma ya nyumba, kuanzia Mbagala na Chanika hadi Kimara na Bunju. Kila bei ya chakula cha kuku inapopanda, ushauri uleule huzuka tena: acha kununua mifuko, lisha makombo. Ushauri huo ni kweli nusu. Ile nusu nyingine inawatia watu hasara, na wengi hawajui hasara imetokea wapi, maana kuku hawafi. Wanadumaa tu.

Chakula kinachobaki majumbani mwetu ni ugali, wali, ukoko, mkate, viazi na ndizi. Vyote hivyo ni wanga. Vikikaushwa vizuri, kazi yake katika tumbo la kuku ni kazi ya mahindi, yaani kumpa nguvu. Kazi ya dagaa na soya, ya kujenga misuli, havifanyi. Protini ya ugali mkavu ni asilimia 8 au 9, na ya wali mkavu ni 7 au 8. Kuku wa nyama anataka chakula chenye protini ya asilimia 22 hivi anapoanza, 20 anapokuzwa, na 18 hadi 19 anapomaliziwa. Anayemwondolea kuku kilo ya chakula cha dukani na kumpa kilo ya makombo makavu amemnyang'anya zaidi ya nusu ya protini ya kilo ile, hata kama kifuko cha shingoni kimejaa na kuku ametulia kwa shibe.

Mtu atasema: mbona kuku wa kienyeji wamelelewa kwa makombo tangu enzi za babu zetu? Ni kweli, lakini kuku wa kienyeji hali makombo peke yake. Anachakura jalalani na bustanini, anaokota mchwa, panzi, minyoo na mbegu, na ana miezi sita ya kukua. Broila, yaani kuku wa nyama, amefungiwa juu ya maranda, hana cha kuokota ila kile ulichomwekea, na siku zake ni 35 hadi 42. Siku tatu za lishe mbovu kwake ni sawa na mwezi kwa yule mwingine.

Kitu cha pili kinachowapotosha watu ni maji. Ugali na wali, kati ya thuluthi mbili na robo tatu ya uzito wake ni maji. Kuku wa wiki ya tano anakula gramu 150 hadi 170 za chakula kikavu kwa siku. Ili apate kiasi hicho kwa ugali mbichi wa jana, inabidi ameze karibu nusu kilo, na yeye mwenyewe ana kilo moja na nusu. Hawezi. Atajaza kifuko cha shingoni, ataona ameshiba, na atakuwa amepata theluthi ya alichohitaji. Maji yale hayabaki tumboni. Yanatoka, maranda yanalowa, amonia inapanda mpaka macho yanawasha ukiingia bandani asubuhi, na ndani ya unyevu huo vijidudu vya koksidia vinakomaa. Wiki moja baadaye mfugaji ananunua dawa ya kuhara damu, na hakumbuki kwamba ugonjwa aliuingiza mwenyewe kwa ndoo.

Kwa hiyo sharti la kwanza ni kukausha, na hapo ndipo kazi yote ilipo.

Lakini kabla ya kukausha kuna kuchambua. Tunawashauri watu wagawe mabaki kwa swali moja: kimetoka sufuriani au kimetoka kwenye sahani? Cha sufuriani, yaani ugali uliobaki kwenye mwiko, wali wa chini, ukoko, mkate ambao haujaota ukungu, viazi vilivyochemshwa, hicho kinaweza kuwa chakula cha kuku. Cha sahani kimechanganyika na mate ya watu, mifupa, miiba ya samaki, pilipili, limau na mchuzi. Kwa mama ntilie kuna na vijiti vya meno, na hivyo ni hatari kuliko vinavyoonekana: firigisi inasaga kwa nguvu, kijiti kinatoboa ukuta wake, na kuku unayemkuta amekufa bila dalili, ukimpasua unakikuta kimechomoza upande wa pili. Vya sahani na maganda vina njia yake nyingine, tutaieleza mbele.

Kuna vitu visiingie kabisa. Parachichi, nyama yake, ganda na kokwa, lina sumu inayoua ndege kwa kuharibu moyo. Maganda mabichi ya mihogo yana sianidi kuliko muhogo wenyewe. Maganda ya viazi mviringo yaliyogeuka kijani yana solanini. Maharage mabichi au yaliyoiva nusu yana sumu inayoharibu ukuta wa utumbo, na sumu hiyo huondoka kwa kuyaloweka na kuyachemsha kwa nguvu. Maharage yaliyoiva vizuri hayana shida, tena yana protini. Papa, ng'onda na samaki wote wa chumvi waachwe. Mafuta yaliyokaangia chipsi mara nyingi yaachwe pia, kwa sababu mafuta yaliyooza hula vitamini E ya chakula chote ulichoyachanganyia, na kuku wanaanza kuyumba na kupinda shingo. Mabaki ya kuku, yawe utumbo, ngozi au maji ya kuoshea nyama, yasikaribie banda hata kidogo. Virusi vya magonjwa ya kuku ya kideri na Gumboro vinasafiri ndani ya vitu hivyo, na cha Gumboro ni kigumu kufa. Fukieni.

Chakula cha sufuriani kikikaushwa siku ileile hakihitaji kuchemshwa tena. Kikilala, kichemshwe. Kuchemsha maana yake ni kutokota kwa dakika 30 huku unakoroga mpaka chini, si kupasha moto. Na hata hapo kuna mpaka. Katika joto la Dar es Salaam wali uliokaa ndoo imefunikwa tangu mchana hadi kesho yake umeshazaa bakteria ambao sumu yao haiondoki kwa moto. Moto unawaua wao, lakini walichokwisha kukitema kinabaki. Ukifungua ndoo ukasikia harufu kali ya uchachu, au ukaona utelezi unaovutika kama kamasi, hicho si chakula cha kuku tena.

Ukungu ndiyo kabisa. Sumukuvu, yaani sumu inayotolewa na ukungu, haiondoki kwa kuchemsha, kukaanga wala kuanika. Mwaka 2004 sumukuvu ya kwenye mahindi iliua watu 125 mashariki mwa Kenya, na mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara. Kuku anayepata kidogo kidogo hafi, ila ini linaharibika, ukuaji unashuka na kinga inalegea. Unachanja, chanjo haishiki, halafu unamlaumu aliyekuuzia chanjo. Mkate wenye doa moja la kijani utupwe wote, usikate pale penye doa. Nyuzi za kuvu zimeshapita ndani, hazionekani kwa macho.

Sasa kuanika. Tandaza juu ya kichanja, si juu ya ardhi. Kichanja cha mbao na wavu, kimo cha kiuno, kinapitisha hewa chini na kuwazuia kuku wa jirani. Tabaka lisizidi sentimita 2. Ugali uvunjwevunjwe ukiwa bado laini mpaka vipande viwe kama punje za maharage. Ukiuacha madonge utakauka nje na kuoza ndani, na hilo ndilo kosa linalowapata wengi zaidi. Wali usitiwe maji. Utandaze jinsi ulivyo, baada ya saa mbili uuchambue kwa mikono punje ziachane. Geuza kila saa moja au mbili. Jioni ingiza ndani kabla umande haujashuka, kesho yake toa tena. Kwa jua la Januari siku mbili zinatosha. Wakati wa masika usijidanganye na jua la saa mbili linalotoka katikati ya mvua: weka karai juu ya moto mdogo ukaushe kwa kugeuza, au acha kabisa mpaka mvua ziishe.

Utajuaje yamekauka? Kipande kikivunjwa kitoe mlio kama biskuti, na katikati pasiwe na weupe laini. Kipimo kizuri zaidi ni cha chupa, kile wanachotumia wenye maghala ya mahindi. Chukua chupa ya kioo iliyokauka kabisa, tia chumvi kavu vijiko viwili vitatu, jaza theluthi ya chupa kwa makombo yaliyovunjwa punje ndogo, funga, tikisa kwa nguvu dakika kadhaa, iache itulie robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kioo, unyevu umezidi asilimia 15, rudisha juani. Isipoganda, anika nusu siku nyingine ndipo uweke, kwa sababu kwa kuhifadhi tunataka unyevu usiozidi asilimia 13. Hifadhi kwenye mfuko wa salfeti juu ya chaga, mbali na ukuta, na usiweke zaidi ya wiki tatu. Kilo 10 za ugali na wali mbichi zinakupa kilo 3 na nusu hivi za makavu. Kabla ya kuchanganya, ponda kwenye kinu au peleka mashine ya kusaga usage kama chenga, si unga. Ukiacha mapande, kuku wanadonoa makubwa na kuacha vumbi lenye vitamini. Ukisaga unga laini, unaganda mdomoni na wanakula polepole.

Umri nao hauna mjadala. Kifaranga anaanza na gramu 40 hivi, na ndani ya siku saba anatakiwa aongezeke mara nne. Utumbo wake bado unajengwa. Mpaka siku ya 21 asiguse makombo, ale chakula cha kuanzia na cha kukuzia jinsi vilivyo. Siku ya 22 anza na asilimia 5 ya chakula cha siku, baada ya siku tatu nne nenda 10, kisha 15. Hapo simama.

Kwa nini 15? Hesabu yake ni hii. Una chakula cha kumalizia chenye protini ya asilimia 19. Ukichukua kilo 85 zake ukaongeza kilo 15 za makombo makavu, kilo 100 ulizopata zina protini ya asilimia 17.4 tu. Kuku ataendelea kula, lakini nguvu imezidi protini, na ziada ile anaigeuza mafuta tumboni. Mchinjaji anayatoa na kuyatupa. Ili urudi kwenye 19, weka kilo 85 za chakula cha kumalizia, kilo 10 na nusu za makombo, na kilo 4 na nusu za mashudu ya soya yenye protini ya asilimia 44. Anayetumia dagaa safi wenye asilimia 55 aweke kilo 3 na nusu za dagaa na makombo kilo 11 na nusu. Hicho ndicho tunachokiita kurudisha protini, na ndicho kinachoachwa na wanaosema makombo ni bure. Ukipita 15 si protini peke yake inayopungua. Premiksi (mchanganyiko wa vitamini na madini madogo), methionini (kijenzi cha protini) na madini mengine ya mfuko vinazimuliwa pia, kama chai iliyoongezwa maji.

Dagaa wenyewe wapimwe. Dagaa wa Mwanza walioanikwa mchangani wanauzwa kwa uzito, na mchanga una uzito. Chukua konzi moja ya dagaa waliosagwa, tia kwenye glasi ya maji, koroga, subiri dakika mbili. Nyama inaelea au inakaa katikati, mchanga unalala chini. Ukiona tabaka la mchanga limefika upana wa kidole, umelipia udongo. Soya nayo isiwe mbichi. Mashudu yaliyopita kwenye joto la kiwanda yanafaa. Soya ya shambani ikaangwe kwanza, la sivyo ina kitu kinachozuia kuku kumeng'enya protini, hata ile iliyotoka kwenye chakula kingine.

Anayechanganya mwenyewe tangu mwanzo ana nafasi zaidi, kwa sababu yeye anaondoa mahindi, haondoi mfuko. Kwa kilo 100 za chakula cha kumalizia: mahindi yaliyosagwa 45, makombo makavu 15, mashudu ya soya 22, mashudu ya alizeti 8, dagaa 5, mafuta safi ya kula 2, chokaa ya mifugo kilo 1.2, DCP (madini ya kalsiamu na fosforasi) kilo 1.2, premiksi ya broila gramu 300 au kadiri ya maelekezo ya kopo, methionini gramu 200 na laisini (kijenzi kingine cha protini) gramu 100. Mchanganyiko huo unakaribia protini ya asilimia 19 na nusu. Premiksi, methionini na laisini usizimwage juu ya rundo. Changanya kwanza na kilo 5 za mahindi mpaka rangi ilingane, kisha sambaza kwenye rundo lote na pindua kwa chepe mara tano, kutoka upande mmoja wa sakafu kwenda mwingine. Rundo lisilopinduliwa vizuri linatoa kuku wakubwa kwa wadogo katika banda moja, kila mmoja amekula chakula chake.

Hatukutaja chumvi, na kuna sababu. Ugali wetu haupikwi kwa chumvi, wali unapikwa. Kijiko kimoja cha chakula ni kama gramu 15, na wengi ndicho wanachotia kwa kilo ya mchele. Wali huo ukikauka una chumvi ya asilimia 1 na nusu, wakati chakula chote cha kuku kinatakiwa kiwe na 0.3 hadi 0.4. Kwa hiyo makombo yakiwa mengi ni wali, usiongeze chumvi yoyote kwenye mchanganyiko huo. Yakiwa ugali mtupu, ongeza gramu 250 hadi 300 kwa kilo 100 za chakula ulichochanganya mwenyewe. Chumvi ikizidi dalili ya kwanza ni maji: kuku ambao walikuwa wanakunywa lita 30 kwa siku wanafika 40 na hali ya hewa haijabadilika. Kwa kawaida kuku anakunywa maji mara mbili hivi ya uzito wa chakula anachokula, kwa joto letu na zaidi kidogo. Anayejua ndoo ngapi zinaingia bandani kila siku atagundua kosa siku mbili kabla ya maranda kulowa.

Sasa faida ni kiasi gani? Tuseme kuku 100, wakishafika kwenye asilimia 15, wanakula kilo 250 hivi hadi kuuzwa. Kwa ule mchanganyiko wa kilo 85, umeokoa kilo 37 na nusu za chakula cha kumalizia, umetumia kilo 26 za makombo makavu, ambazo ni kilo 75 za mabichi, na umenunua kilo 11 za mashudu ya soya. Weka bei za duka lako utaona. Ni robo tatu ya mfuko wa kilo 50 kwa kuku 100, kabla ya kutoa gharama ya soya. Si haba kwa mtu anayefuga mizunguko mitano sita kwa mwaka, lakini si utajiri, na anayekuambia makombo yataondoa nusu ya gharama hajawahi kupiga hesabu hii.

Tena faida hiyo ni rahisi kuipoteza. Kuku 100 wakichelewa siku tatu tu kufika uzito wa soko, kwa gramu 160 kila mmoja kila siku, wamekula kilo 48 za ziada. Umeokoa 37 na nusu, umelipa 48. Ndiyo maana tunasisitiza mizani. Kila wiki, siku ileile, asubuhi kabla ya kulisha, pima kuku 10 katika kila 100, uwazungushie wavu kwenye kona na kuwapima wote waliomo bila kuchagua. Kwa joto la Pwani kuku anayekwenda vizuri ana gramu 700 hadi 850 siku ya 21, na kilo 1.6 hadi 1.9 siku ya 35. Wastani ukishuka chini ya mzunguko uliopita kwa sehemu moja ya kumi, ondoa makombo siku hiyo hiyo, rudi kwenye chakula kamili, ndipo utafute kosa.

Tulisema maganda na vya sahani vina njia yake. Njia hiyo ni funza wa nzi askari mweusi, ambao wafugaji wanawaita BSF. Huyu si nzi wa chooni. Nzi mzima hali chakula, anakunywa maji tu, anataga na kufa, kwa hiyo hatui kwenye sahani za watu. Funza wake ndio walaji. Wanakula maganda, mchicha ulionyauka, mabaki yenye mchuzi, matunda yaliyooza, na miili yao ikikaushwa ina protini ya asilimia 40 hivi. Hapa ndipo uchafu wa jikoni unapogeuka dagaa.

Kreti moja ya sentimita 40 kwa 60 inabeba funza 10,000 wenye umri wa siku tano. Wanalishwa kilo 15 za mabaki mabichi kwa siku 12, kwa awamu tatu: siku wanapoingia, siku ya tano, na ya nane. Mabaki yakatwekatwe yawe madogo, na unyevu wake upimwe kwa kukamua: konzi ikiminywa itoe matone machache. Ikimwaga maji, ongeza pumba, kwa sababu funza waliolowa wanapanda kuta na kutoroka wote usiku mmoja. Mabaki yakirundikwa kwa kina yanapata joto na kuchacha, funza wanayakimbia, na nzi wa kawaida wanajaa. Funika kwa chandarua. Miguu ya meza isimame kwenye makopo yenye maji na mafuta kidogo, la sivyo sisimizi watamaliza kreti nzima. Vuna funza wakiwa bado weupe au rangi ya krimu. Wakigeuka kahawia iliyokolea ganda lao limekuwa gumu na kuku halimeng'enyi vizuri. Chekecha, osha, tumbukiza kwenye maji yanayochemka dakika mbili ili kuua salmonela, kisha wape kuku au anika. Kinachobaki kwenye kreti ni mbolea ya bustani.

Kreti hiyo inatoa kilo 2 hivi za funza wabichi. Ukiwa na kreti 12 zinazopishana siku moja moja, unavuna kilo 2 kila siku, na kilo hizo kwa kuku 100 zinakaribia kuziba nafasi ya yale mashudu ya soya ya kurudishia protini tuliyoyataja juu. Lakini angalia upande wa pili: kreti 12 zinataka kilo 15 za mabaki kila siku. Nyumba moja haina. Mtaa unazo, soko linazo, na zinapakiwa kwenye malori kila siku kwenda dampo la Pugu Kinyamwezi, zimechanganyika na plastiki, betri na nepi, hazifai tena hata kwa funza.

Kwa hiyo ombi letu kwa halmashauri za jiji na kwa wenyeviti wa mitaa ni dogo: ndoo mbili kwa kila mama ntilie na kila kizimba cha mboga, yenye kifuniko, rangi tofauti. Moja ya sufuriani, moja ya sahani na maganda. Mfugaji azipitie jioni ileile, si kesho yake, aache nyingine zilizooshwa kwa maji ya moto. Maofisa mifugo wa kata wawaonyeshe watu kipimo cha chupa na mizani, havihitaji bajeti. Na mtu atakayeanza kuwauzia wenzake mchanganyiko wa makombo ajue ameshatoka kwenye ufugaji, ameingia kwenye biashara inayosimamiwa na sheria ya mwaka 2010 ya nyanda za malisho na rasilimali za vyakula vya mifugo. Apeleke sampuli maabara, kwa mfano ya Wakala wa Maabara ya Veterinari pale Temeke, ajue protini na sumukuvu ya anachokiuza kabla mfuko wa kwanza haujatoka.

Mwisho, kwa walio na kuku wa wiki ya tano hivi sasa: wiki moja kabla ya kuchinja ondoeni dagaa na mweke mashudu ya soya mahali pake, kilo 6 kwa kila kilo 5 za dagaa mlizotoa. Nyama ya kuku aliyekula dagaa hadi siku ya mwisho inanuka samaki ikiingia kwenye sufuria, na mteja harudi.

Wachanganyaji wa chakula cha kuku na maofisa ugani wa mifugo,
Temeke, Dar es Salaam